Kabla ya kumpeleka polisi: jibu kwa mama wa Pasua

Mama mmoja wa Pasua, Moshi, ameniandikia. Nimefupisha maneno yake na kuondoa yanayoweza kumtambulisha.

"Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa. Alikaa Sakina, Arusha, kwa shangazi yake miaka miwili, Agosti mwaka jana akarudi kwangu kwa kulazimisha mwenyewe. Alikuwa mtoto mtulivu. Sasa nimekuta kwenye begi lake chupa ndogo ya pombe kali na paketi ya kuberi. Mauzo yangu ya mitumba yanapungua, na ni yeye tu anayejua ninapoficha. Juzi juzi alilala nje, nikimuuliza alikuwa wapi anasema hakumbuki. Shuleni amepigana na mwenzake, akamtukana mwalimu wa nidhamu. Kuna kijana wa bodaboda anamrudisha nyumbani na hamdai nauli. Baba yake ni dereva wa watalii, muda mwingi yuko porini. Kaka yangu anasema nimpeleke kituoni alale siku mbili ashike adabu. Wengine wanasema soba hausi, zile nyumba za kuachisha ulevi. Pombe ndiyo imemharibu, au alishaharibika ndipo akaanza pombe? Nifanye lipi? Na baba yake nimwambie?"

Pole sana, mama. Sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoipita haraka, kwamba alirudi kwa kulazimisha mwenyewe. Nitaifikia, lakini nianze na ulichouliza kwanza.

Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu kipi kinatangulia, kilevi au utundu. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani aitwaye Paul Goldstein alieleza njia tatu ambazo dawa za kulevya huzaa ukatili: kilevi chenyewe kinapomvuruga mtu, mtu anapopora ili apate cha kununulia, na ugomvi wa biashara yenyewe, wa wauzaji na wanaodaiana. Ukiuchukua mgawanyo huo ukautazamia watoto wa kiume wanaoshinda stendi, unakaa vizuri. Kwa binti wa miaka 15 mwenye mama anayeuza mitumba soko la Memorial unapwaya, na nitakuonyesha unapopwaya.

Anza na matusi na ugomvi. Umekuta kuberi, na watu wengi wanaiona kama mchezo wa watoto kwa sababu haina moshi wala harufu kali. Ile ni tumbaku, na ndani yake mna nikotini ya kutosha kumfunga mtoto. Aliyeizoea akikaa saa kadhaa bila kuitia mdomoni anakuwa na hasira za karibu, hatulii, kichwa kinamgonga, kila anayemsemesha ni adui. Darasani hawezi kuitoa mbele ya mwalimu. Kwa hiyo muulize mwalimu jambo moja tu: yale matusi na ule ugomvi vilitokea saa ngapi? Kama vyote ni vya saa tano, saa sita, kabla hajapata upenyo wa kwenda nyuma ya vyoo, hapo una jibu la sehemu ya tatizo, na sehemu hiyo inatibika.

Sasa kuhusu kulala nje na kusema "sikumbuki". Najua ulisikia ni jeuri. Inaweza kuwa jeuri, lakini inaweza pia kuwa kweli tupu. Pombe kali ikinywewa kwa haraka huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu. Mtu anatembea, anaongea, hata anacheka, na kesho yake hana hata picha moja. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume mwenye uzito uleule, na tumbo lake huvunja pombe kidogo kabla haijaingia kwenye damu. Kama chupa waligawana sawa na yule kijana wa bodaboda, haikuwafikia sawa. Kijana anarudi kijiweni anaendesha, binti hajui usiku ulikwendaje. Ndiyo maana usiku ule unaniogopesha kuliko chupa yenyewe, na nitaurudia.

Mauzo je? Hapa ndipo mgawanyo wa Goldstein unapopwaya. Kila mtu atakwambia anaiba ili anunue pombe. Kwa wasichana wa umri huu naiamini hadithi hiyo kwa shida, kwa sababu mara nyingi msichana hanunui, ananunuliwa. Anapewa chupa, anapewa kuberi, anapewa lifti, na malipo yanadaiwa baadaye kwa namna nyingine. Basi kama kilevi anapewa bure, hela yako inakwenda wapi? Inaweza kuwa vocha na nguo. Inaweza kuwa anamkopesha kijana hela ya hesabu ya bosi. Inaweza pia kuwa kuna mtu ana picha zake kwenye simu na anamlipisha ili asizisambaze. Hili la picha wazazi hawalifikirii kabisa, na siku hizi lipo. Usimuulize "umeiba shilingi ngapi". Muulize "kuna mtu anakudai?"

Nikijibu sasa swali lako moja kwa moja: pombe inaongeza makosa, na makosa yanamleta karibu na pombe, yote mawili ni kweli. Ila kwa wasichana kuliko wavulana, ni kawaida kukuta jambo la tatu lililotangulia yote mawili. Unaposafisha damu ya puani asubuhi hadi jioni bila kuuliza aliyempiga ngumi, kesho utasafisha tena.

Jambo la tatu lina sura nyingi. Moja ni umri na kampuni. Watafiti Stattin na Magnusson waliwafuatilia wasichana wa Sweden, wakaona waliovunja ungo mapema walikunywa na kuvunja sheria zaidi ya wenzao walipofika miaka 14 na 15, hasa wale waliokuwa na marafiki wakubwa kuliko wao. Kule Dunedin, New Zealand, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba mabinti waliokomaa mapema walijiingiza kwenye utundu zaidi walipokuwa shule za mchanganyiko kuliko za wasichana watupu. Kumbe mwili kukua haraka peke yake si kosa wala laana. Hatari iko kwa wanaouona mwili ule na kumchukulia mtoto kama mtu mzima. Najua kuna ndugu atasoma hapa aseme, basi dawa ni bweni la wasichana. Kwa mtoto mwingine labda. Huyu wako alishapelekwa kukaa mbali mara moja, na hatujui alirudi na nini.

Sura ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto. Kati ya wasichana na wanawake wa miaka 13 hadi 24 waliohojiwa, karibu 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa watenda si watu wasiojulikana wa gizani. Ni majirani, ndugu, wapenzi, watu wa njiani kwenda shule. Mtafiti Meda Chesney-Lind aliandika tangu mwaka 1989 kwamba wasichana wengi wanaoitwa wakorofi walianza kwa kukimbia nyumba iliyokuwa ikiwaumiza, na kukimbia kwenyewe ndiko kulikowafikisha mitaani, kwenye kilevi na wizi mdogo mdogo. Kilevi kwa mtoto wa namna hiyo ni dawa ya usingizi. Ni dawa mbaya, lakini yeye ameona inamlaza.

Sisemi binti yako alifanyiwa jambo Sakina. Sijui, na wewe hujui. Nasema mtoto mtulivu aliyekaa mahali miaka miwili halafu akalazimisha kuondoka katikati ya mwaka wa masomo alikuwa na sababu, na inaonekana sababu yenyewe hajaulizwa na mtu mzima yeyote.

Kabla hujafanya lolote, chukua daftari ukae peke yako usiku mmoja. Andika kwa mpangilio: lini alikwenda Arusha, matokeo ya shule yalianza kushuka muhula gani, lini aliacha kwenda kwaya au madrasa, lini alianza kulala sana au kukosa usingizi, kula kulibadilika lini, kijana wa bodaboda ameonekana kuanzia lini, hela ilianza kupotea lini, chupa umeikuta lini. Usijaze kwa kubahatisha. Ukikuta huzuni na kushuka kwa masomo vilianza kabla ya kijana na kabla ya chupa, hadithi ya "pombe imemharibu" inaanguka yenyewe. Ukikuta kila kitu kilikuwa shwari mpaka kijana alipotokea, tunazungumzia tatizo jingine.

Halafu mazungumzo. Usimkalishe kikao. Mtoto aliyekalishwa mbele ya mama, mjomba na mzee wa kanisa hatasema kitu, atatazama sakafu mpaka mchoke. Mngojee siku mnafungua belo, mikono ina kazi, macho hayakutani, naye hajalewa. Mwambie ulichokuta bila kuzunguka, kisha sema maneno kama haya: "Sikugombezi leo. Nataka kujua tangu lini ulianza kujisikia vibaya." Ukimuuliza tangu lini ulianza kunywa, atakupa tarehe ya uongo. Akikaa kimya, endelea kupanga nguo. Stattin yuleyule na mtafiti mwenzake Kerr walionyesha mwaka 2000 kwamba wazazi wanaojua mambo ya watoto wao huyajua hasa kwa kuwa watoto wenyewe wamewaambia. Kuchunguza na kubana kunachangia kidogo sana. Kupekua simu yake kutakupa nusu ya habari na kutakufungia mlango wa nusu nyingine.

Mkishaanza kuelewana kuna maswali sita ambayo madaktari wa vijana hutumia, yametoka Boston nchini Marekani, nami huyageuza kwa mazingira yetu. Umewahi kupanda chombo ambacho dereva wake amelewa au amevuta? Kwako hapa ni bodaboda. Unatumia ili utulie, au ujisikie unakubalika? Unatumia ukiwa peke yako? Unasahau uliyofanya ukiwa umetumia? Ndugu au marafiki wamewahi kukwambia upunguze? Umewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo? "Ndiyo" mbili au zaidi zinatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Kwa barua yako tu, binti ana mbili tayari. Kati ya yote sita, lile la kutumia peke yako nalipa uzito kuliko mengine. Anayekunywa na wenzake anaweza kuwa anatafuta kampuni; anayekunywa peke yake anatafuta kusahau.

Hapa niseme neno juu yetu watu wa Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha vijana wa miaka 15 hadi 24 wa Kilimanjaro na wa Mwanza, ukakuta unywaji uko juu zaidi huku kwetu. Hakuna aliyeshangaa. Mtoto anaonja kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye ubatizo, kwenye posa, kwenye msiba, na sisi tunacheka akikunja uso. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto pombe, lakini nani atamshitaki bibi? Viroba, yaani pombe kali ya paketi, vilipigwa marufuku Machi 2017, na pombe kali ikahamia chupa ndogo inayokaa vizuri kwenye begi la shule. Kama nyumbani kwenu sherehe haiendi bila watoto kuonja, kumkemea binti kuhusu chupa kutasikika kama kelele. Lianzie hapo, kimya kimya, bila hotuba.

Sasa ushauri wa kaka yako. Namheshimu mjomba, najua anaumia pia. Lakini kumlaza mtoto kituoni ili aogope ni wazo lililokwishajaribiwa kwa upana. Marekani, kuanzia miaka ya 1970, walikuwa wakiwaingiza vijana watukutu gerezani waonane na wafungwa wawatishe. Tafiti zilipolinganisha vijana waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliovunja sheria zaidi baadaye. Hofu inadumu wiki. Kinachobaki ni jina la "yule aliyelala ndani" na watu aliokutana nao humo. Tena sheria yetu inamtaka mtoto aliyekamatwa atengwe na watu wazima na kesi yake isikilizwe Mahakama ya Watoto. Polisi hawana kazi ya kumweka mtu ndani kwa ombi la mjomba. Na kama usiku ule alifanyiwa ubaya, unampeleka mlalamikaji selo.

Soba hausi nazo tuziangalie kwa macho makavu. Zipo Arusha na Moshi, baadhi zinafanya kazi nzuri sana. Nyingi zimejengwa kwa ajili ya wanaume watu wazima, waliotumia heroini au pombe kwa miaka. Binti wa miaka 15 akiwekwa kati yao atajifunza mambo ambayo hakuyajua. Si dhana: mwaka 1999 Thomas Dishion na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wakorofi pamoja kwa nia ya kuwasaidia kunaweza kuwaongezea ukorofi, kwa sababu wanasifiana. Kama siku moja italazimu, uliza kama wana jengo la wasichana pekee, mlezi wa kike anayelala hapohapo, daktari anayewatembelea, na kama wanapiga. Wakisita kwenye swali la mwisho, ondoka na mtoto wako. Methadoni, ambayo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya waliofungwa na heroini na haihusiani na shida ya binti yako. Nimeitaja tu kwa sababu kuna watu watakushauri.

Mahali pa kwenda ni kliniki ya afya ya akili, hospitali ya KCMC au ya Mawenzi. Usiseme mapokezi "nimeleta mlevi". Sema unahitaji kumwona mtaalamu wa afya ya akili wa watoto na vijana. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa naye ni wa kumwona, huduma yake haina malipo. Usiku ukikulemea, 116 ni namba ya bure ya msaada kwa watoto, nawe mzazi unaweza kuipiga. 119 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Akizimia na haamki, akipata degedege, au akizungumzia kujiua hata kwa utani, hapo hakuna kliniki ya Jumatatu, ni hospitali muda huohuo.

Kuhusu usiku aliolala nje: umeshapita muda wa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, kwa kuwa zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Lakini kipimo cha VVU, cha ujauzito na cha magonjwa ya zinaa bado vina maana kubwa, na viombeni faragha, mkiwa na muuguzi wa kike kama yupo. Ikitokea tena, usimwogeshe, usifue nguo, mpeleke hospitali kwanza, matusi yatasubiri.

Na yule kijana wa bodaboda asiyedai nauli. Usimtumie vijana wa mtaa wampige, na usimwite "mchumba" hata kwa hasira. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, anayefanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ambaye si mke wake amebaka, hata msichana akisema alikubali. Chukua namba ya pikipiki na kijiwe chake, uende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kituo cha polisi uende wewe kwa ajili ya huyu, usimpeleke binti kwa ajili ya kumtisha. Binti atakuchukia kwa muda. Mwache achukie.

Shuleni mwache mwalimu wa nidhamu, mtafute mwalimu wa malezi na ushauri, umwombe wasimfukuze wakati mnashughulika. Mtoto mwenye dawati lake ana sababu ya kuamka asubuhi. Hata ikitokea amekatishwa, tangu Novemba 2021 serikali imefungua njia ya walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi, lakini kurudi ni kazi kuliko kubaki.

Nikutie moyo kwa jambo moja lisilo la kubembeleza. Mwaka 1993 Terrie Moffitt alieleza kwamba vijana wengi wanaovunja sheria huanza ujanani na kuacha wanapokuwa watu wazima. Wachache ni wale walioanza wakiwa watoto wadogo na kuendelea maisha yote. Binti uliyesema alikuwa mtoto mtulivu yuko kwenye kundi la kwanza kwa kila dalili. Hatari ya kundi hilo ni mitego wanayonaswa kabla hawajaacha: mimba, kesi, uteja, kufukuzwa shule. Kazi yako ni kuihesabu mitego na kuiondoa mmoja mmoja.

Baba yake mwambie, ila kwa vipande. Kuhusu pombe, kuberi na hela, mwambie akirudi kutoka porini na akishalala usingizi. Kwenye simu akiwa Seronera, huko Serengeti, na wageni hataweza kufanya lolote ila kufoka. Mwombe jambo analoliweza, kama kumpigia binti kila jioni mtandao unapopatikana, bila kuuliza habari za chupa. Lakini la Sakina liache kwanza. Shangazi ni dada yake. Ukilitaja bila binti kusema chochote, atampigia dada yake usiku huohuo, dada atakana, ukoo utagawanyika, na binti ataona alichokiogopa kimetokea kabla hajafungua mdomo. Ngoja azungumze na mtaalamu, hata ikichukua miezi. Akikwambia wewe kwanza, sikiliza hadi mwisho, mwambie unamwamini, usimwahidi kwamba utaficha, na kesho yake nenda naye ustawi wa jamii au Dawati. Na likizo ya Juni asiende Sakina, hata shangazi akituma nauli.